Maji ya Mlimani, Stima ya Nairobi: Swali la Mzee wa Liboi

Najua nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa. Niliahidi kuendelea na somo letu la hifadhidata na ahadi ni deni, nitalilipa. Leo lakini naomba mnivumilie, maana nataka kuandika habari ambayo haina hata mstari mmoja wa programu. Ni historia ya stima, na imeanza na simu kutoka nyumbani.

Nyumbani kwetu ni Liboi. Kwa wale ambao hamjafika, ukitoka Garissa unashika barabara ya mashariki, unapita Dadaab yenye kambi za wakimbizi, unaendelea na mchanga na miiba mpaka unapohisi Kenya imekwisha. Hapo ndipo Liboi, hatua chache kabla ya mpaka wa Somalia. Wengi walilisikia jina hili mwaka 1991 wakimbizi walipoanza kumiminika, na tena Oktoba 2011 jeshi la Kenya lilipovuka mpaka. Sisi tunalijua kwa ngamia, joto na kisima.

Ni kisima hicho kilichomfanya adeer wangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, anipigie simu. Pampu yake ni ya dizeli, na dizeli inapanda bei kila uchao. Kamati ya kisima imeanza kuchangisha pesa ili inunue paneli za sola. Baadhi ya wazee wamekataa. Wanasema pesa za watu zisipotezwe, serikali italeta stima ya nguzo, tusubiri. Adeer akaniuliza hivi:

"Adeer, wewe ni mtu wa kompyuta. Mto Tana unapita Garissa, na tunaambiwa stima ya Kenya inatoka Tana. Kwa nini maji yapite kwetu na stima iende Nairobi? Tusubiri au tusisubiri?"

Nilimwambia anipe siku chache. Nilidhani ni swali la hesabu tu. Nikajikuta nasoma mambo ya miaka mia moja iliyopita. Haya basi, twende pamoja.

MAJI YANATOAJE STIMA?

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu historia hii haieleweki. Maji yanayoanguka yana nguvu. Unayaelekeza kwenye bomba, yanapiga mabapa ya gurudumu kubwa, gurudumu linazungusha jenereta. Hesabu yake ni fupi sana:

kilowati = 9.81 x maji x kimo x ufanisi

Maji ni mita za ujazo kwa sekunde. Kimo ni mita ambazo maji yanaanguka. Ufanisi ni sehemu inayobaki baada ya mitambo kula chake, tuseme 0.9 kwa kituo kizuri.

Angalieni vizuri hapo kwenye kimo. Mto Tana unazaliwa katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Bwawa la Masinga likijaa, uso wake uko mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Bwawa la Kiambere likijaa liko mita 700. Kwa hiyo katika kipande kifupi cha mto, maji yameanguka zaidi ya mita 350, na bado kuna anguko la Kiambere lenyewe. Ukifika Garissa mjini uko takriban mita 150 tu juu ya bahari, na kutoka hapo Tana inajikunja kama nyoka mamia ya kilomita kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Maji yapo, kimo hakuna. Weka kimo kuwa karibu na sifuri katika ile hesabu uone jibu litakuwa nini.

Kwa hiyo nusu ya swali la adeer imejibiwa na jiografia. Garissa haiwezi kuzalisha stima ya maji kwa sababu ni tambarare. Lakini Nairobi nayo haina maporomoko ya maana, na stima inafika. Stima husafiri kwa waya. Nusu ya pili ya swali basi ni hii: nani aliamua waya uelekee wapi?

WAYA WA KWANZA

Mwaka 1922 kampuni ya stima ya Nairobi na ile ya Mombasa ziliungana zikawa East African Power and Lighting. Ilikuwa kampuni ya biashara, na kampuni ya biashara hupeleka bidhaa palipo na mnunuzi. Wanunuzi walikuwa mjini na katika mashamba ya walowezi. Mwaka 1925 ukaanza kituo kidogo cha Ndula kwenye mto Thika, chenye megawati 2 hivi. Miaka ya 1930 kikaja cha Mesco kwenye mto Maragua, na kingine kiitwacho Tana. Vyote viko huko milimani karibu na Nairobi.

Wakati huo kwetu kuliitwa Northern Frontier District. Serikali ya kikoloni iliifanya wilaya iliyofungwa. Mtu wa nje hakuingia bila kibali, na wa ndani hakutoka ovyo. Mahali ambapo hata kutembea kunahitaji karatasi, nani angepeleka nguzo?

Baada ya vita vya pili vya dunia Nairobi ilikua haraka na stima haikutosha. Jibu lilitafutwa Uganda. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth alifungua bwawa la Owen Falls pale Jinja, na mwaka huohuo ikaundwa Kenya Power Company, kazi yake kuvuta stima kwa waya kutoka Tororo hadi Nairobi. Mkataba ulikuwa wa megawati 30. Kampuni hiyo ndiyo iliyobadilishwa jina mwaka 1998 ikawa KenGen tunayoijua. Nawaomba mkumbuke jambo hili: miaka ya 1950 waya ulivuka nchi nzima tangu mpaka wa Uganda hadi Nairobi. Umbali haukuwa kikwazo, mradi kulikuwa na mnunuzi mwishoni mwa waya.

SEVEN FORKS

Uhuru ukaja mwaka 1963. Nchi mpya haikutaka kutegemea jirani kwa stima, na macho yakageukia Tana. Mwaka 1964 ikaanzishwa kampuni ya kuendeleza mto huo, Tana River Development Company. Kazi yote ikajulikana kwa jina la Seven Forks. Jina lisikudanganye ukaanza kuhesabu mabwawa saba. Vituo ni vitano, na vimepangwa kama ngazi, maji yanayotoka kimoja yanaingia kinachofuata:

Kindaruma, 1968. Kilianza na megawati 40, na mwaka 2013 kikawa na 72.

Kamburu, 1974. Megawati 94.

Gitaru, 1978. Kilianza na megawati 145, mwaka 1999 kikaongezwa mtambo wa tatu kikafika 225. Hiki ndicho kituo kikubwa kuliko vyote vya maji nchini.

Masinga, 1981. Megawati 40 tu, lakini ndiyo ghala. Bwawa lake lilijengwa libebe mita za ujazo bilioni 1.56, ili wengine walioko chini wapate maji wakati wa kiangazi.

Kiambere, 1988. Megawati 144, na tangu 2009 ni 168.

Jumla ni karibu megawati 600 kutoka mto mmoja. Kwa sisi waandishi wa programu, huu ni mfumo unaopendeza. Tone lilelile la maji linatumika mara tano. Jaribuni Gitaru: kutoka uso wa bwawa lake, mita 924.5, hadi uso wa bwawa la Kindaruma, mita 780.5, ni kimo cha mita 144. Pitisha mita za ujazo 100 kila sekunde, utapata megawati 127 hivi. Halafu maji hayohayo yanashuka Kindaruma kufanya kazi tena.

Lakini tazameni tarehe. Kindaruma kiliwaka mwaka 1968. Vita vya Shifta, ambavyo watu wetu wengi walitaka kujiunga na Somalia na wengi wakafa, vilimalizwa kwa makubaliano ya Oktoba 1967. Serikali iliyokuwa inawasha taa za Kindaruma ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza kupigana na sisi. Sheria za hali ya hatari zilibaki Kaskazini Mashariki hadi mwaka 1991.

Na kulikuwa na karatasi nyingine, Sessional Paper Nambari 10 ya mwaka 1965. Wasomi wa siasa wanaijua kwa maneno yake juu ya ujamaa wa Kiafrika. Sisi tunaijua kwa kifungu kimoja kilichosema pesa za maendeleo ziwekwe palipo na ardhi nzuri, mvua, usafiri na watu wanaopokea maendeleo, ndipo zizae haraka. Ukiisoma kama mhandisi, ina mantiki yake. Ukiisoma ukiwa Liboi, inakwambia subiri, na wala haitaji mwaka.

YANAYOTUFIKIA

Msidhani Garissa haikupata kitu kutoka mabwawa yale. Ilipata, isipokuwa haikuwa stima.

Kabla ya mabwawa, Tana ilifurika mara mbili kwa mwaka kufuata mvua za milimani. Wapokomo walilima kwa mafuriko hayo. Maji yakishuka, wanapanda kwenye tope lenye rutuba. Waorma na Wasomali walileta mifugo kwenye malisho ya ukingoni wakati wa jilaal, kiangazi kikali. Masinga ilipoanza kushika maji mwaka 1981, mafuriko ya kawaida yalipungua. Udongo mwingi ambao zamani ulishuka na mto sasa unatua ndani ya bwawa, unalijaza na kulipunguzia uwezo, huku ukikosekana huku chini. Huko juu nako watu walilipa gharama yao: maelfu walihamishwa kupisha bwawa la Kiambere.

Mafuriko makubwa hata hivyo hayakuisha. Ghala likijaa halina pa kuweka zaidi. Ninyi mnaoandika programu mnaijua bafa: inasaidia mpaka ijae, ikijaa kila kinachoingia kinamwagika kwa kasi ileile. Ndivyo ilivyokuwa wakati wa El Niño ya 1997, na tena mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, barabara ya Garissa kwenda Nairobi ilipokatwa na maji. Aprili 2024 boti iliyokuwa ikivusha watu upande wa Madogo ilipinduka na roho zikapotea. Kwa hiyo mtu wa Garissa alizoea kupata habari za mabwawa kwa njia mbili, redio ikitangaza kwamba yamejaa, na maji yakifika mlangoni.

Kiangazi nacho kina somo lake. Mwaka 2000 mabwawa yalikauka na nchi nzima ikawekewa mgao wa stima. Viwanda vilifungwa saa nyingi, Nairobi ikanunua jenereta. Mwaka 2009 kituo cha Masinga kilizimwa kabisa kwa kukosa maji. Mwaka ule nilikuwa kijana nikijifunza kuandika programu Nairobi, na wenzangu walilalamika kana kwamba dunia imefika mwisho. Mimi nilikuwa nacheka kimoyomoyo. Nilikuwa nimekulia katika mgao usiokuwa na tarehe ya kwisha.

MIAKA 48

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niache kunywa chai.

Garissa mjini, makao makuu ya mkoa mzima, ilikuwa ikiendeshwa kwa mitambo ya dizeli. Dizeli ilibebwa kwa malori kutoka huko chini, ikachomwa pembeni mwa mto uleule uliokuwa umeshazungusha mitambo mitano. Laini ya kutoka Kindaruma kupitia Mwingi hadi Garissa, ya volti 132,000 na urefu wa karibu kilomita 250, ilikamilika na Garissa ikaunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2016.

Fanyeni hesabu: 2016 toa 1968 ni miaka 48. Maji ya Kindaruma hufika Garissa kwa siku kadhaa. Stima ya Kindaruma ilifika kwa miaka 48.

Na si kwamba teknolojia haikuwapo. Laini ya Tororo ilikuwa ya volti zilezile 132,000, nayo ilijengwa miaka ya 1950. Hata mpango wa stima vijijini serikali iliuanza mwaka 1973. Kilichokosekana ni mtu wa kuamua kwamba sisi nasi ni mwisho wa waya.

Kisha kikatokea kitu ambacho sikukitarajia. Desemba 2019 rais Uhuru Kenyatta alifungua Garissa shamba la sola la megawati 50 na ushei, lenye paneli zaidi ya 200,000, lililojengwa na Wachina. Stima yake inaingia kwenye laini ileile iliyotoka Kindaruma. Jua likiwaka, Garissa inasaidia kulisha gridi, na huko Masinga maji yanaweza kubakizwa bwawani yatumike usiku. Lile joto tulilohesabiwa kuwa hasara katika karatasi ya 1965 sasa limeandikwa upande wa mali.

LIBOI JE?

Nilipomaliza kusoma nilichukua kalamu nikafanya hesabu ya kisima chetu. Maji yako karibu mita 120 chini. Tuseme tunataka mita za ujazo 10 kwa saa. Hesabu ni ileile ya Gitaru, ila imegeuzwa kichwa chini. Kule maji yanashuka mita 144 yatoe stima. Kwetu stima inatumika kuyapandisha mita 120. Jibu ni kilowati 3.3 hivi, na kwa kuwa pampu na mota hupoteza karibu nusu, weka kilowati 6.5. Hizo ni paneli za kujaza paa moja au mawili, si mzigo wa kutisha. Tena kisima hakihitaji betri. Mchana unapandisha maji kwenye tangi, usiku maji yanashuka yenyewe kwenye mabirika. Tangi letu ndiyo Masinga yetu.

Upande wa pili nikapima kungoja. Kutoka Garissa hadi Liboi ni zaidi ya kilomita 150 za nguzo, na njiani wanunuzi ni wachache. Laini ndefu hivyo hugharimu pesa nyingi, hata ukipeleka kilowati 6 tu. Nikikumbuka ilivyochukua miaka 48 kufika mji mkubwa wenye mto na makao ya serikali, sikuthubutu kumwambia mzee wangu angoje.

Lakini pia sikutaka kumdanganya kwamba sola ni muujiza. Nimeona yenyewe. Kuna mradi mmoja ambao nilipewa kazi ya kuuandikia programu ya kupima stima, katika kijiji kingine cha jangwani. Paneli zilifungwa, picha zikapigwa, wafadhili wakaondoka. Hakuna aliyefundishwa kufuta vumbi wala kubadilisha kidhibiti. Kufikia mwaka wa pili programu yangu ilikuwa inaandika sifuri kila siku, kwa usahihi kabisa, na hakuna aliyeisoma. Nami nina sehemu yangu katika lawama hiyo, maana niliona sifuri ya kwanza nikadhani ni hitilafu ya programu.

Kwa hiyo nilimpigia adeer simu nikamwambia hivi: Mzee, msisubiri, lakini msitumie pesa zote kwenye paneli. Tengeni sehemu ya tatu. Chagueni vijana wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, waende Garissa wajifunze kazi ya mafundi wa sola. Injini ya dizeli msiiuze, iwe ya akiba. Na kila mtu anayenywesha ngamia alipe kidogo kama alivyokuwa akilipa dizeli, pesa hizo ziwekwe kwa ajili ya pampu itakapokufa, maana itakufa.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Na wale wazee wanaosema serikali italeta, niwaambie nini?"

Nikamwambia awaambie wana haki. Stima ya Tana ni ya kwao pia, na waendelee kuidai mbele ya kila mbunge na kila gavana. Laini ikifika siku moja, pampu yetu itaunganishwa nayo na paneli zitasaidia kulisha gridi, kama Garissa ilivyofanya. Mtu anaweza kudai haki yake huku ng'ombe wake wanakunywa.

Akacheka. "Waryaa, hiyo ya mwisho nitaisema mimi, usiseme ni yako."

Kamati inakutana Ijumaa baada ya swala. Sijui wataamua nini. Wazee wa Liboi hawakubali jambo kwa sababu kijana wa Nairobi amepiga hesabu. Nimewatumia hesabu yenyewe kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili na Kisomali, na nimeweka mstari wa juu kabisa ile miaka miwili, 1968 na 2016, ili kila anayejua kutoa aitoe mwenyewe.

Majuma mawili yajayo tunarudi kwenye hifadhidata, inshallah. Mkiwa na kisima kijijini kwenu, tumieni ile hesabu mniambie mmepata kilowati ngapi.